Manosi, RUBY, ipt au ubaki na kanamaisini? Ulinganisho wa njia za kuchuja maua yaliyobadilishwa jeni bila antibayotiki

Mtu akianza kuhamisha jeni kwenye maua lazima afike kwenye swali hili, nitumie nini badala ya kanamaisini, ile antibayotiki inayoua seli zisizopokea jeni, na majibu mengi anayopewa yanachanganya mambo matatu ambayo hayafanani hata kidogo. Tuyatenganishe kwanza. La kwanza ni kutoweka antibayotiki kwenye midia (chakula cha kukuzia tishu maabara) wakati unachuja seli zilizopokea jeni. La pili ni mmea wa mwisho kutobeba jeni ya usugu wa antibayotiki. La tatu ni mmea wa mwisho kutobeba jeni ya alama ya aina yoyote ile, yaani jeni inayowekwa ili tu kuonyesha nani amepokea. Manosi, njia ya sukari, inakupa la kwanza na la pili, la tatu haikupi. Cre-lox, mkasi wa kuikata alama itoke baadaye, kwa kawaida inakupa la pili na la tatu ila huko maabara kanamaisini uliitumia kama wengine wote. Sasa kabla hujaagiza kemikali amua wewe unataka lipi kati ya hayo, maana bei na miezi ya kazi vinatofautiana sana.

Na kuna jambo ambalo wengi wanalirukaruka, hata ukichuja kwa manosi bado Agrobakteria, bakteria anayeingiza jeni kwenye mmea, unatakiwa uiue baada ya kuhamisha jeni, na inauliwa kwa sefotaksimu au timentini, kawaida sefotaksimu miligramu 250 mpaka 500 kwa lita, wiki na wiki mpaka iishe kabisa. Hiyo nayo ni antibayotiki, tena ya hospitali. Jeni ya kuihimili haiingii kwenye mmea kwa hiyo kiusalama ni habari nyingine, ila usije ukaandika kwenye ripoti kwamba hukugusa antibayotiki. Plazimidi yenyewe (duara la DNA linalobeba jeni yako) pia ina jeni ya usugu upande wa nje ya T-DNA, kile kipande kinachoingia kwenye mmea, kwa ajili ya kuitunza ndani ya bakteria, inatakiwa ibaki huko nje lakini mara moja moja inaingia nayo, hivyo piga PCR (kipimo cha kutafuta DNA) ya kipande hicho kabla hujatangaza. Anayetaka sifuri kabisa atumie bunduki ya jeni, ile ya kurusha chembe za dhahabu kwa heliamu, hapo Agrobakteria haipo na sefotaksimu haina kazi. Ila nayo ina tabia ya kuingiza nakala nyingi na vipande vilivyokatika, so sio kwamba ni mteremko.

Kanamaisini ina ubaya gani hasa

Niseme ukweli, jeni ya nptII, ile inayohimili kanamaisini, sio jini. Ilitoka kwenye kipande cha DNA kinachorukaruka cha bakteria kinachoitwa Tn5, imekaa kwenye mimea mingi iliyopitishwa na mamlaka za nchi mbalimbali, na waridi la "bluu" la Suntory lile la Applause lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2009 lina nptII ndani na watu wanapeana harusini. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya, EFSA, waliipitia mwaka 2004 na tena 2009 na wakasema madhara hayatarajiwi.

Kwa nini basi watu wanaikimbia? Siasa na sheria ni sehemu moja. Agizo la Ulaya la mwaka 2001, namba 2001/18, lilitaka jeni za usugu zinazoweza kuwa na madhara ziondolewe taratibu, na ingawa nptII ilipona kwenye mchujo ule, jina lilishaharibika. Huku kwetu pia jina kanamaisini sio geni, ndo zile sindano za TB sugu zilizowasumbua watu masikio mpaka WHO mwaka 2018 ikashauri zisitumike tena. Ukimwambia mtu ua lako lina jeni ya kuhimili dawa ya TB, hata kama hoja ya kisayansi unayo, mazungumzo yameisha.

Sehemu ya pili ndo inayotuhusu zaidi maabara, nayo ni kwamba kwenye maua mengi kanamaisini haichuji vizuri. Okidi na lili zina uvumilivu wa asili, unaweka dozi kubwa na tishu isiyo na jeni inaendelea kukua kama haijaona kitu, ndo maana wengi huko wanakimbilia haigromaisini ambayo nayo ni antibayotiki na ni kali hata kwa mtu anayeishika. Krisanthemamu inasifika kwa watoro, yaani machipukizi ya kijani kabisa yanayopita kwenye mchujo bila jeni yoyote. Halafu seli zinazokufa kwa sumu zinageuka rangi ya kahawia, zinatoa kemikali zinazowaumiza majirani zao, na chache zilizopokea jeni zinakufa pamoja na zisizopokea.

Manosi na PMI, hapa nitakaa kidogo

Njia hii inageuza mambo. Badala ya kuua seli isiyo na jeni unainyima chakula. Ni kama mwenye nyumba anayekata maji badala ya kuja na mabaunsa, mwenye tangi anabaki, asiye na tangi anahama mwenyewe.

Inavyofanya kazi, seli ya mmea ikipewa sukari ya manosi inaibandika fosfeti inakuwa manosi-6-fosfeti, na hapo mimea mingi inakwama, haina kimeng'enya cha kutosha cha kuendelea mbele. Fosfeti inazidi kufungwa humo, nishati inashuka, seli inasimama. Ukiipa jeni ya manA kutoka bakteria E. coli inatengeneza kimeng'enya cha PMI kinachogeuza manosi-6-fosfeti kuwa fruktosi-6-fosfeti, ambayo ni chakula cha kawaida kabisa cha seli. Kwa hiyo kitu kile kile ni njaa kwa mmoja na ni ugali kwa mwingine. Joersbo na wenzake wa Denmark walionyesha kwa beti ya sukari mwaka 1998, baadaye ikatumika kwenye mahindi ya Syngenta MIR604 na kwenye toleo la pili la Mchele wa Dhahabu la mwaka 2005. Maana yake faili la usalama la PMI limeshapita kwenye meza nyingi za wakaguzi, na hili ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana, jeni ya alama mpya isiyojulikana na mtu itakufanya uanze kuelezea kila kitu kuanzia mwanzo.

Faida kwa maua ni kwamba vifo ni vichache, tishu haigeuki kahawia sana, na kwenye mimea ambayo kanamaisini inaizuia kuchipua unaweza kupata machipukizi mengi zaidi.

Ubaya wake, kwanza ni gharama ya kiasi. Piga hesabu, kanamaisini ya miligramu 100 kwa lita, ukipika midia lita 20 umetumia gramu 2. Manosi ya gramu 20 kwa lita kwa midia hiyo hiyo ni gramu 400. Sasa hiyo manosi inaagizwa nje, na mchujo sio wa wiki moja. Pili ni kucheza na uwiano wa sukrosi. Ukiweka manosi peke yake hata seli zenye jeni mwanzoni zinaweza kuzimia kabla PMI haijawa nyingi, ukiongeza sukrosi nyingi wote wanakula na watoro wanajaa. Kwa hiyo unaanza na sukrosi kidogo pamoja na manosi, unapandisha manosi na kushusha sukrosi kadiri unavyohamisha kwenye midia mpya. Uwiano wa petunia hautafaa waridi, na uwiano wa aina moja ya waridi unaweza usifae aina nyingine, lazima ufanye jaribio la kiwango cha kuua kwa tishu isiyobadilishwa kwanza. Tatu kuna mimea, hasa baadhi ya jamii ya mikunde, yenye PMI yake ya kuzaliwa nayo, hiyo inakula manosi bila shida na njia nzima inakufa. Kama ua lako liko kwenye jamii hiyo acha, usibishane nalo.

Kuna ndugu yake PMI anayetumia sukari ya zailosi na jeni ya xylA, mantiki ni ile ile, ilijaribiwa kwa viazi mwaka 1998 na ikatoa matokeo mazuri, ila kwenye maua haijazoeleka na sioni sababu ya kuanza nayo wakati manosi ipo.

Dawa ya magugu, njia ya kanesheni

Wengi hawajui kwamba maua maarufu zaidi ya GMO duniani, zile kanesheni za zambarau za Florigene za jamii ya Moon, Moondust, Moonshadow, Moonlite na wenzake, hayakutegemea kanamaisini. Yalichujwa kwa klorosulfuroni, dawa ya magugu, kwa kutumia jeni ya tumbaku iliyobadilika inayoitwa SuRB. Zimelimwa Kolombia na Ekwado na kupelekwa sokoni kama maua ya kukatwa, Moonlite ikapata kibali cha kuingizwa Ulaya mwaka 2007. Suntory ambao ndio wenye Florigene wakaja kutumia nptII kwenye waridi, kanesheni dawa ya magugu, kampuni ile ile, kwa hiyo anayekuambia kuna njia moja sahihi mwambie aangalie hapo.

Ya pili kwenye kundi hili ni jeni ya bar kutoka bakteria Streptomyces hygroscopicus, inayohimili glufosineti. Mchujo wake ni mkali na dawa yenyewe inahitajika kidogo sana, miligramu chache tu kwa lita, kwa hiyo kwa mfuko wa maabara maskini hii inashinda manosi vibaya sana. Kasoro ni ya nje ya maabara. Ua linalohimili dawa ya magugu likivuka kwenda kwa ndugu zake wa porini umetengeneza gugu lisilosikia dawa, na mkaguzi atakuuliza hilo kabla hata hujakaa kwenye kiti. Kanesheni iliponea hapo kwa sababu inauzwa ikiwa imekatwa, chavua yake ni kidogo na haina uwezo, haiendi popote. Petunia ya kwenye chungu cha barazani au ua lenye ndugu wa porini hapa hapa nchini ni kesi nyingine. Mtu akiniambia anataka kutumia bar kwenye violeti ya Usambara ambayo porini kwake ni Tanga na maeneo ya jirani, nitamwomba afikirie tena.

ipt, machipukizi kichaa

Hii ni jeni ya Agrobakteria yenyewe inayotengeneza saitokinini, homoni ya kuchipusha. Unaiweka ndani, unaweka tishu kwenye midia isiyo na homoni, na chenye jeni ndicho kinachochipua. Hakuna antibayotiki, hakuna sukari ya bei mbaya, midia ni rahisi kuliko zote. Machipukizi unayaona kwa macho maana yanakuja fungu, mafupi, mengi mengi, hayatoi mizizi.

Na hapo ndo tatizo, mmea wa namna hiyo haumuuzii mtu. Ndo maana Wajapani wa Nippon Paper, Ebinuma na wenzake, mwaka 1997 waliifunga ipt ndani ya kipande kinachoweza kuruka na kutoka chenyewe, wakaiita MAT. Unasubiri, kichaka kichaa kinatoa chipukizi moja lililonyooka, hilo limeshaitema ipt na alama yote, na jeni yako imebaki. Toleo la kwanza lilitegemea transposoni ya mahindi na lilikuwa linatoa kidogo mno, baadaye wakahamia kwenye rekombinezi (kimeng'enya kinachokata na kutoa kipande cha DNA) ya R/RS kutoka kwenye hamira na ikawa afadhali. Kwa maua yanayozaliwa kwa vipandikizi wazo hili ni zuri sana kinadharia, kazini linataka uvumilivu na jicho, na kukaa muda mrefu kwenye saitokinini nyingi kunaongeza mabadiliko yasiyotakiwa, unaweza kupata chipukizi limenyooka ila ua lake sio lile. Kama una mwanafunzi wa uzamili mwenye miaka miwili usimpe hii.

D-amino, ambayo ningependa tungeijaribu zaidi huku

Mwaka 2004 kundi la Umeå nchini Uswidi, Erikson na wenzake, walitoa kitu cha kijanja sana. Jeni ya dao1 kutoka kwenye hamira ya Rhodotorula gracilis. Mmea wa kawaida ukipewa D-alanini au D-serini unaumia, wenye dao1 unazivunja na kuendelea na maisha. Mpaka hapo ni mchujo wa kawaida. Utamu uko upande wa pili, ukiupa D-isolusini au D-valini mmea wa kawaida hauna neno, ila wenye dao1 unazigeuza kuwa sumu na kujiua. Jeni moja, unachuja nayo kuingia na unachuja nayo kutoka.

Angalia maana yake kwa mtu wa waridi. Unachuja kwa D-alanini, unapata mmea, unaamsha rekombinezi ikate dao1 itoke, halafu unaweka kwenye D-isolusini na yeyote ambaye bado ana dao1 anajitoa mwenyewe. Hupigi PCR mamia ya machipukizi kutafuta aliyesafika. Ila kazi yenyewe ya 2004 ilikuwa ya Arabidopsis, na kwenye maua hutapata itifaki zilizoiva za kunakili, utajenga mwenyewe. Hataza nayo iangalie kama unafikiria kuuza.

Kuchagua kwa macho: RUBY

Hii sio mchujo kwa maana kamili, hakuna anayekufa, wote wanakua na wewe unatafuta wenye rangi. Zamani ilikuwa GFP, protini inayong'aa, inataka taa maalum na hadubini, au GUS ambayo inaua tishu ukishaipaka dawa. Mwaka 2020 likatoka RUBY, jeni tatu za kutengeneza betaleni kutoka tairosini, rangi ile ile ya bitiruti, unaona kwa macho makavu na umeme umekatika. Kwa maabara zetu hiyo ni hoja nzito kuliko zote.

Kasoro zake mbili. Pasipo na kitu cha kuwazuia, seli zisizo na jeni zinawazidi wenye rangi kwa wingi na kasi, kwa hiyo inafaa kwenye mmea unaochipua haraka na kwa ufanisi mkubwa wa kupokea jeni, petunia sawa, waridi utatafuta macho yaume. Na ya pili, hii ni biashara ya maua, rangi ndo bidhaa! Ukiacha RUBY ndani umeuza ua lingine. Saa nyingine hiyo ndo unataka, na kama unataka jani jekundu basi alama na sifa vimekuwa kitu kimoja na umemaliza. Kama hutaki, ifunge RUBY kwenye kipande cha kukatwa, kisha utafute chipukizi la kijani kwenye mmea mwekundu. Hapo unapata ile raha ya D-isolusini bila kununua kitu.

Kuondoa alama baadaye, na kwa nini ushauri wa mahindi hautufai

Ushauri unaorudiwa sana ni huu, weka jeni yako kwenye T-DNA moja na alama kwenye T-DNA nyingine, zikiingia sehemu mbili tofauti za kromosomu unazalisha mbegu na kwenye watoto unachagua aliyerithi jeni bila alama. Kwenye mahindi, mpunga, hata petunia, kazi safi na ya bei nafuu.

Kwenye waridi, krisanthemamu, kanesheni na okidi nyingi ushauri huu ni bure kabisa. Maua haya yanazalishwa kwa vipandikizi au tishu kalcha kwa sababu maalum, kila aina ya sokoni ni mchanganyiko uliokaa hivyo mara moja tu, ukiupitisha kwenye mbegu umeuvunja. Utapata mtoto asiye na alama, sawa, na pia asiye aina ile uliyoanza nayo. Krisanthemamu ina seti sita za kromosomu, 54 kwa jumla, jaribu kuirudisha ilipokuwa kwa kuzalisha mbegu. Mashamba ya Naivasha, Arusha na yale ya vipandikizi Uganda yanaishi kwa kanuni hiyo hiyo, mamilioni ya mimea kutoka kwa mama mmoja, mteja Uholanzi anataka ile ile aliyoona mwaka jana. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mtu anayeomba ushauri sio "unataka njia gani", ni "ua lako linazalishwaje?"

Kwa wa vipandikizi zinabaki njia mbili za kusafisha. Rekombinezi, yaani Cre-lox kutoka kwenye virusi wa bakteria P1, au FLP/FRT, au R/RS, unaweka alama katikati ya vituo viwili na rekombinezi inayoamshwa kwa joto au kemikali inaikata. Inafanya kazi, mahindi ya Monsanto LY038 yalitolewa nptII kwa Cre-lox. Kwenye maua shida ni mimea ya madoa, nusu ya seli zimekata nusu hazijakata, chipukizi unaloliona safi lina tabaka ambalo bado lina alama na siku moja kwenye kipandikizi inajitokeza. Lazima urudie kuchipua kutoka jani mara kadhaa. Na joto lenyewe la kuamsha wakati mwingine linaipiga tishu.

Ya pili ni kutoweka alama kabisa toka mwanzo. Unahamisha jeni, unaacha vyote vichipue, unapiga PCR machipukizi yote. Unaona ni wendawazimu, ila de Vetten na wenzake Uholanzi walifanya kwa viazi mwaka 2003 na kupata asilimia 1 mpaka 5 ya machipukizi yenye jeni kutegemea aina ya kiazi. Kiazi nacho ni cha vipandikizi, shida yao ni yetu. Asilimia 2 maana yake machipukizi 500 yanakupa mimea kama 10, na PCR ukichanganya sampuli kumi kumi kwenye mrija mmoja ni mirija 50 ya kuanzia. Kwa mmea mgumu ambao machipukizi 500 ni ndoto, sahau.

CRISPR ya RNP, njia ya kuhariri jeni, niitaje kidogo, unaingiza protini ya Cas9 inayokata DNA na RNA yake ya kuiongoza moja kwa moja bila DNA yoyote, hakuna jeni ya alama kwa sababu hakuna jeni. Kwenye petunia ilionyeshwa mwaka 2016 kwenye protoplasti, yaani seli zilizovuliwa ukuta. Mipaka miwili, inazima jeni haiongezi jeni mpya, na kuotesha mmea mzima kutoka protoplasti kwenye waridi au okidi ni mtihani. Ila kama lengo lako ni kuzima jeni, mfano ua linyauke polepole, anza kufikiria hapa kabla ya kitu kingine chochote.

Milango ya pembeni miwili

Kalankoe, ua lenye asili ya Madagaska linalouzwa kwenye vyungu Ulaya nzima. Watu wa Chuo Kikuu cha Copenhagen walichukua Rhizobium rhizogenes, bakteria ndugu wa Agrobakteria, ya porini isiyoguswa, wakaambukiza jani, ikatoka mizizi ya manyoya inayokua bila homoni. Huo ukuaji bila homoni ndo mchujo wenyewe. Wakachipusha mimea kutoka kwenye mizizi ile wakapata kalankoe fupi, zilizojaa, zisizohitaji kupuliziwa dawa za kufupisha kama paklobutrazoli. Na kwa kuwa bakteria haijabadilishwa, kwa tafsiri yao haihesabiwi GMO. Sio ajabu sana, viazi vitamu tunavyokula navyo vina T-DNA ya Agrobakteria ndani, iliingia yenyewe zamani, ikagundulika 2015. Kama sifa unayotaka ni ufupi tu, acha mambo mengine yote niliyoandika hapa, fanya hii.

Mlango wa pili ni wa Taiwan, 2003, okidi ya Oncidium. Waliweka jeni ya pflp kutoka pilipili hoho inayokinga na ugonjwa wa kuoza, kisha badala ya antibayotiki wakazipaka bakteria ya Erwinia carotovora yenyewe inayoozesha. Asiye na jeni anaoza. Ukatili mtupu, lakini kwa ua ambalo kanamaisini haliioni ni akili sana, na sifa unayouza ndo iliyokuchujia.

Basi ningechagua hivi

Petunia na wengine wa mbegu: usijisumbue, chuja kwa chochote kinachofanya kazi, hata kanamaisini, tenganisha T-DNA mbili, safisha kwenye watoto. RUBY kama alama hapo inapendeza maana utaona mtoto wa kijani kwenye trei bila PCR.

Krisanthemamu: manosi, na bajeti ya miezi ya kutafuta uwiano. Kanamaisini hapa inakupa watoro na bado haikupi jina zuri.

Waridi: kama unataka ifike sokoni ikiwa safi ni PMI ukiikubali ibaki, au RUBY ndani ya Cre-lox ukiwa na muda na pesa. Mimi ningeiacha PMI ibaki. E. coli iliyotoa jeni hiyo imejaa tumboni mwa kila mtu na wakaguzi wanaijua.

Kanesheni ya kukatwa: dawa ya magugu, njia imeshapitiwa. Okidi: pflp kama kuoza ni shida yako ya kweli, la sivyo manosi, na jaribio la kiwango cha kuua lifanye mapema maana okidi ni mzito na utakaa mwaka kabla hujajua umekosea wapi.

Violeti ya Usambara inachipua kutoka kipande cha jani kirahisi hivyo kwamba naweza kuijaribu bila alama kabisa, machipukizi mengi na PCR ya mafungu.

La makaratasi. Hakuna njia hata moja ya kuingiza jeni niliyoitaja hapo juu, ukiacha ile ya kalankoe kwa tafsiri ya Wadenmaki, inayokutoa kwenye sheria ya GMO. Kenya utaanzia NBA, mamlaka yao ya GMO, chini ya sheria ya 2009, wana pia miongozo ya uhariri wa jeni ya 2022 ambayo kesi ya RNP inaweza kupitia njia fupi zaidi, Tanzania kuna kanuni za 2009 chini ya sheria ya mazingira, na Ulaya kunakokwenda maua yetu mengi mahakama yao ilisema 2018 kwamba hata uhariri unahesabiwa GMO. Na usidhani halitaonekana. Mwaka 2017 Finland waligundua petunia za rangi ya chungwa zilizozagaa sokoni zina jeni ya mahindi ya A1, ile ile ya majaribio ya Ujerumani ya miaka ya 1980, na nptII pembeni yake, wafanyabiashara Ulaya na Marekani wakaharibu mimea kwa wingi. Aliyezitilia shaka ni profesa wa Helsinki, Teemu Teeri, aliyeona rangi ambayo petunia haipaswi kuwa nayo. Marekani wakaja kuziruhusu 2021, baada ya hasara. Kwa hiyo omba kibali cha matumizi ya ndani ya maabara wakati ule ule unaoagiza plazimidi, usisubiri mpaka machipukizi yatoke, na kwenye fomu andika wazi jeni ya alama ni ipi, imetoka wapi, inabaki au inatolewa, na sefotaksimu umeitumia kiasi gani.